Nta Nyekundu ku Mulango wa Bwana Polepole

Kwa bibi yangu Veronika, nyumbani Kingi, kwa mukono wa Papa Yohani katekista.

Veronika, bibi yangu,

Jambo sana. Jambo kwako, na jambo kwa mutoto wetu ambaye sijamuona kwa macho. Mama yangu anaamuka namna gani? Kidonda cha mugu wake kimekauka, ao kingali kinatoa maji? Na wewe, kile kifua chako kinakusumbua tena asubuhi ya ukungu? Mimi niko muzima wa mwili. Ninakula, ninafanya kazi. Moyo njo haukai mahali pake.

Ninaanza na hii, kusudi usitupe karatasi kabla ya kuimaliza: sikukusahau. Barua zako nne zilinifikia majuma mawili yamepita, zote kwa saa moja. Mupaka siku ile sikujua kama ulizaa salama, sikujua ni mwanaume ao mwanamuke, sikujua chochote. Na zile barua sita nilizokuandikia mimi, hata moja haikutoka mu nyumba hii. Nitakueleza. Ni aibu kueleza, lakini nitaeleza yote.

Papa Yohani, wewe unayemusomea, unisamehe, barua ni ndefu. Usiruke kitu. Mahali ambapo mama yangu hapaswi kusikia, nitakuambia, nawe utashusha sauti.

Veronika, unakumbuka siku Bwana Polepole, muzungu wangu wa kazi, alifika ku mulango wetu yeye mwenyewe, na vumbi ya shamba lake la pareto ku viatu. Alikuambia: "Miezi sita, Mama. Polepole, usilie. Miezi sita nitakurudishia bwana yako." Tumbo lake lilikuwa na kidonda ndani, na hakukuwa mupishi mwingine aliyejua kumupikia uji na supu ambayo haimuumizi. Njo maana alinichukua. Wewe ulikuwa na mimba changa. Ulisema: "Enda, utarudi kabla sijazaa."

Tulifika hapa Ufaransa, mu nyumba ya mama ya Madamu, bibi ya Bwana. Huyo mama tunamuita Madamu Muzee. Watu wa hapa wanaiita nyumba yake shato. Nikuambie nini? Ufikiri kanisa la misioni, halafu uongeze makanisa mengine mawili ku ubavu, moja huku, moja kule. Paa iko ya mawe meusi, membamba, yamepangwa kama magamba ya samaki. Madirisha nilianza kuyahesabu nikachoka. Mbele kuna njia ndefu, na miti mikubwa imesimama mistari mbili kama askari wanangoja mukubwa wao. Ku bustani, vichaka vinakatwa na makasi mupaka vinakuwa kuta, hakuna jani linaruhusiwa kutoka inje. Miti ya matunda wanaifunga ku ukuta, mikono imenyooshwa huku na huku. Siku ya kwanza niliwaza: hawa wamesulubisha hata miti. Maua iko mingi kupita macho. Maharagi iko kidogo tu, ku kona ya nyuma, na majani yake wanatupa.

Lakini nyumba hii kubwa iko na shida yake kama nyumba yetu ndogo. Paa linavuja. Mvua ikinyesha tunakimbia na mabeseni. Kwa sababu hiyo Madamu Muzee aligeuza zizi la farasi wa zamani kuwa vyumba vya wageni. Wanatoka mu miji mikubwa, wanakaa juma moja ao mbili, wanatembea mu bustani, wanakula ku meza ndefu, wanaenda. Asubuhi ninapika uji wa Bwana, halafu ninatandika vitanda vya wageni, ninapeleka maji ya moto, ninawasha moto mu vyumba. Ninafanya kazi pamoja na mupishi wa hapa, Mama Odeti, mujane, mikono yake minene kama ya mutu aliyezaliwa ku kinu. Yeye njo alinifundisha Kifaransa cha kweli, hata matusi. Wageni wengine wananisalimia vizuri. Mwingine alinisimamisha katikati ya maua, akanipa reki nishike, akanipiga picha. Mimi si mutu wa bustani, lakini nilishika.

Miezi sita ilipita. Kidonda cha Bwana kilizidi, munganga akamukataza safari. Nikangoja. Kila asubuhi mutu wa posta anakuja na kinga, baisikeli yake, barua zote anazitia mukononi mwa Bwana. Kila asubuhi nikimupelekea uji ninauliza:

"Bwana, iko barua yangu?"

"Haiko, Anselmi. Polepole. Watu wa kwenu wavivu kuandika."

Na mimi nikiandika, ninamupa Bwana, sababu timbri za posta ziko kwake. "Nitaituma leo," anasema. Nilimuamini. Niliwaza: pengine Veronika ananikasirikia. Pengine mimba ilimuua na hakuna mutu anathubutu kuniandikia. Usiku, hapana, hata muchana, nikikunja mashuka ya wageni, wazo hilo linanishika, ninasimama na shuka mukononi mupaka Mama Odeti ananiita.

Mu mwaka wa pili Bwana alilala, hakusimama tena. Veronika, nilimutunza kama ningetunza baba yangu. Nilimulisha kwa kijiko. Nilimubeba kumupeleka ku choo. Uji aliukataa mukononi mwa Madamu, mukononi mwangu alikula. Alikufa mu majira ya jua, saa ya asubuhi, ameshika mukono wangu. Niliosha maiti yake mimi na Mama Odeti. Nililia, sikufichi. Niliwaza: huyu alikuwa mukali, lakini alikuwa mutu wangu mu inchi hii.

Wakamuzika ku makaburi ya kijiji, nyuma ya kanisa. Juma moja halijapita, ndugu yake akafika kutoka Ubelgiji. Yeye na Madamu wakaanza kubishana juu ya lile shamba la pareto kule kwetu Masisi, nani anapaswa kulishika. Makelele yalipita mu vyumba vyote, hata wageni walisikia. Mwisho wakaita juji, hakimu wa hapa. Juji akafunga biro ya Bwana, mahali alikuwa anaandikia. Akaweka utepe juu ya mulango na juu ya muti wa pembeni, akayeyusha nta nyekundu, akaidondosha juu ya utepe, akaigonga na chapa yake. Tangu hapo, hakuna mutu wa kufungua mupaka hao wawili wapatane.

Nikamuambia juji kwa Kifaransa changu: "Mukubwa, karatasi zangu za njia ziko mule ndani, mu meza ya Bwana. Bila hizo siwezi kupanda mashua."

Akanijibu bila ukali: "Utangoja kama wengine."

Mama Odeti akanivuta pembeni. "Anselmi, usiguse hata uzi wa utepe ule. Kuvunja nta ya juji ni kifungo."

Sasa Papa Yohani, shusha sauti.

Ilikuwa mwanzo wa majira haya ya majani kuanguka. Wageni walibaki wawili tu: mama mumoja na imbwa yake ndogo, na askari wa zamani, muzee, mwenye kukohoa. Vyumba vya zizi vilikuwa baridi sana kwake. Madamu Muzee akasema: mumulete ku nyumba kubwa, mumulaze mu chumba cha karibu ya biro. Chumba kile kiko na jiko la chuma ambalo halikuwashwa miaka. Nikaliwasha. Muzee alikuwa anatetemeka, nikajaza kuni mupaka chuma kikaimba. Siku tatu nilifanya vile.

Asubuhi ya siku ya ine ninapita na kikapu cha kuni, ninaona utepe umelala chini.

Nilisimama. Nta ilikuwa imeteremuka ku muti wa mulango kama machozi mekundu, ikakauka tena hapo chini. Mulango wenyewe haukuwa umefungwa na funguo, juji aliacha nta tu kuulinda. Na hakuna mutu ku njia yote ya ndani. Veronika, nilikuwa na mwaka na nusu bila habari yako. Karatasi zangu zilikuwa hatua kumi mbele yangu. Ningeingia, ningezichukua, ningetembea mupaka ku gari la moshi, nani angeniona? Niliweka kikapu chini. Niliweka mukono ku kitasa. Kilikuwa na baridi. Nikakishika wakati mutu anasema Baba Yetu nzima.

Halafu niliondoa mukono. Sitasema ni wema. Ilikuwa woga. Niliwaza kufungwa mu gereza la huku, mahali hakuna mutu anajua jina la baba yangu.

Nikakimbia ku jikoni. Mama Odeti akaja, akatazama, akafanya alama ya musalaba.

"Leta mushumaa," akasema. "Tuyeyushe, tubandike tena. Nani atajua?"

"Chapa ya juji imeharibika, Mama. Ataona."

"Na ukisema kweli, watasema ni wewe. Kila mutu anajua kitu unachotafuta mule ndani."

"Nikibandika, nitakuwa ni mimi kweli."

Nikaenda kumuambia Madamu Muzee. Alikuwa mu bustani na makasi, anakata maua yaliyokufa. Aliponisikia alikaa chini ku benchi ya mawe, uso ukawa mweupe kupita weupe wake. Aliniuliza neno moja: "Uliingia?"

"Sikuingia, Madamu."

Hakusema ananiamini. Hakusema ananikataa. Aliita zandarme, askari wa serikali, sababu sheria inataka hivyo.

Wakaja wawili. Mumoja aliandika, mumoja aliuliza. Jina? Kabila? Nani alikutuma? Uliuza nini? Mufuko wangu wakaumwaga chini: suruali, kitabu cha sala, kile kitambaa ulinifungia siku ya kuondoka. Walikikunjua mara mbili. Mama mwenye imbwa alisimama ku ngazi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye tangu mwanzo anafunga chumba chake na funguo. Akaondoka kesho yake. Niliambiwa nisitoke jikoni mupaka juji afike, na juji alikuwa mbali, atakuja kisha siku mbili.

Siku hizo mbili, Veronika, sikumeza kitu.  Mama Odeti aliendelea kumenya viazi kando yangu, akasema tu: "Kula, mwana. Wakikupeleka, angalau uende na tumbo." Nilikuwa ninasikia kila gari ku njia ya miti. Ninasema: njo hii.

Siku mbili zilipokwisha juji akafika na muandishi wake, na zandarme, na Madamu, na Madamu Muzee. Wakaniita. Juji akatazama utepe, akatazama mimi, akauliza:

"Ulitumia kisu?"

Nikasema: "Mukubwa, ninaomba uweke mukono ku ukuta huu."

"Kwa nini?"

"Uweke tu."

Muzee askari alikuwa angali mu chumba chake, na moto ulikuwa unawaka tangu asubuhi, sababu kikohozi hakijui mashitaki. Juji akaweka mukono, akauondoa mbio. Bomba la lile jiko linapita ndani ya ukuta, pale pale ku muti wa mulango. Ni mimi niliyewasha moto, lakini bomba sikulijua, nililijua kisha siku mbili za kuwaza mu jikoni. Kazi yangu ni moto. Ninajua kitu gani kinayeyuka na kwa nini.

 Juji akasukuma mulango polepole. Hewa ya kufungiwa ikatoka. Tangu kifo cha Bwana masizi yalikuwa yanashuka mu bomba la moto wa biro, yakafunika chini yote, laini kama unga wa muhogo. Hakuna hata alama moja ya mugu. Juji akainama, akatazama mupaka ku meza. Akamuambia zandarme: "Andika kwamba hakuna mutu aliingia." Halafu akanigeukia: "Ulifanya vema kusema."

 Nilijitegemeza ku mulango.

Papa Yohani, unaweza kupandisha sauti sasa. Mama asikie.

Madamu Muzee akasema: "Kwa kuwa tumefungua, mupeni mutu huyu karatasi zake. Hazikuwa mali ya marehemu." Juji akakubali. Muandishi akavuta sanduku la meza. La kwanza, hesabu za shamba. La pili, dawa. La tatu lilikuwa na karatasi zangu za njia, na chini yake fungu lililofungwa na kamba ya viatu. Muandishi akalifungua, akasoma jina juu. "Hii pia inaonekana ni yako," akasema.

Nilijua mwandiko wa Papa Yohani kabla sijaushika. Barua zako nne, zimefunguliwa na kisu vizuri. Na barua zangu sita, bila timbri.

 Nilitazama Madamu. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Madamu, ulijua?"

"Nilijua ya moja," akasema. "Ile ya kuzaliwa kwa mutoto. Aliniambia: Anselmi akijua ataomba kurudi, na mimi nitakufa na njaa. Alisema atakupa siku ya kupanda mashua." Halafu akasema: "Nilipaswa kukuambia." Akalia. Sikumutuliza. Kila siku ya mwaka huo na nusu nilikuwa nimemutuliza mutu mu nyumba ile, siku hiyo sikuweza.

Nilichukua barua zangu, nikaenda nyuma ya ukuta wa miti iliyofungwa, nikakaa chini kwenye maharagi, nikasoma.

Ya kwanza unasema mimba inakaa vizuri. Ya pili unasema umezaa mwanamuke, analia kwa nguvu, ako na masikio yangu, na unauliza jina, sababu jina linatoka kwa baba. Ya tatu unasema mutoto amefikisha miezi mingi bila jina, kwa hiyo mama yangu alimuita Machozi, na padiri akamubatiza Anyesi. Na mama mugu unamuuma, ananiita kila jioni. Ya ine niliisoma mara nyingi mupaka sasa ninaijua kwa kichwa. Unasema kaka zako walitoka Mubi, kwa baba yako, walitembea mu pori siku nyingi kuja kukuona. Wamesema: mutu asiyejibu barua amekufa, ao amegeuka muzungu. Unasema waliahidi kurudi kukuchukua na mutoto, mavuno ya maharagi yakiisha. Na wewe mwenyewe umemuambia Papa Yohani aandike: "Kama kufika hapo hakuna neno, nitaenda nao. Nimechoka kuulizwa ku kisima."

Uliandika hiyo wakati wa Pasaka. Sasa majani yanaanguka huku. Mavuno yale yamekwisha zamani.

Kwa hiyo sijui ninaandikia nani. Sijui kama uko unakaa ku kiti cha mama mu Kingi unasikiliza, ao kama Papa Yohani anasoma mbele ya nyumba iliyofungwa. Woga wa zandarme ulikuwa mukubwa, lakini ulikuwa na mwisho. Huu hauna. Ninakunja mashuka na ninakuona unapanda kilima nyuma ya kaka zako, mutoto mugongoni, hautazami nyuma. Na sikulaumu wewe. Kama ni wewe ulikuwa umenyamaza mwaka na nusu, mimi ningefanya nini?

Siku ya Mungu nilienda ku kaburi la Bwana. Zamani kila siku ya Mungu nilikuwa ninang'oa majani juu yake. Nilisimama nikamuambia kwa luga yetu, sababu Kifaransa hakikutosha: "Nilikulisha kwa mukono huu. Na wewe ulikula siku za mutoto wangu." Nilingoja niwe na hasira kubwa. Ilikuja, halafu ikachanganyika na kule kumubeba kwangu, alivyokuwa mwepesi siku za mwisho, nikashindwa kuijua ni hasira ao ni huzuni. Sikung'oa majani. Nikarudi kazini.

Madamu Muzee aliniita ku barza. Mutu yule hasemi sana. Aliuliza: "Unataka nini?"

"Kurudi, Madamu."

"Si mwaka kesho?"

"Mashua ya kwanza."

Akaandika barua mbele yangu, kwa mapadiri wa ku muji wa bahari. Jibu limefika: kuna padiri mumoja anayerudi Kivu, anakubali nisafiri naye, kwa dhamana yake, na Madamu Muzee amelipa njia. Mashua inatoka kisha majuma matatu. Lakini karatasi zangu zinakufa mu mwezi huo huo. Mashua ikichelewa, ao mutu wa afisi akitazama tarehe kwa macho mabaya, nitarudishwa ku nyumba hii kungoja karatasi zingine, na nani anajua muda gani. Kila asubuhi ninatoa karatasi, ninasoma tarehe, ninairudisha, kama vile kusoma kutaibadilisha. Mama Odeti anasema nitaitoboa kwa macho.

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja inaenda Kingi. Ingine inaenda misioni ya karibu na Mubi, kwa jina la baba yako. Nilitembea mwenyewe mupaka ku posta ya kijiji kuuliza njia, na nitazipeleka mwenyewe, nitasimama pale mupaka mama wa posta azigonge.

Kama uko Kingi, ninakuomba kitu kimoja: ukae. Waambie watu wa ku kisima kwamba bwana yako ako na mudomo, ulikuwa umefungiwa tu mu sanduku la mutu mwingine.

Kama uko Mubi, sitakuita urudi kwa karatasi. Mutu aliyeondoka kwa miguu hawezi kuitwa kwa wino. Nitafika Masisi, nitasalimia mama, nitatazama mugu wake, halafu nitashika njia ya pori mupaka kwa baba yako, na nitakaa inje ya lupango, uzio wa nyumba yake, mupaka mutu aniambie niingie.

Shemeji zangu, kama munasikia haya: hamukukosa. Dada yangu angeachwa hivyo, ningekuja kumuchukua mbio kuliko ninyi. Ninaomba tu musimupe mutu mwingine kabla hamujanisikiliza uso kwa uso. Kisha hapo museme munachotaka.

Na jina la mutoto. Mama yangu alimupa jina alilokuwa nalo mukononi, sina haki ya kumukaripia. Aendelee kuitwa hivyo. Nikifika nitamuomba mama tuongeze la pili, lile nililobeba tangu njia ya kuja: Sifa. Musianze kumuita kabla sijafika. Ninataka anisikie mimi nikilisema mara ya kwanza.

Unisalimie mama yangu mupenzi, umuambie asipande shamba la juu na mugu ule. Unisalimie dada yangu mukubwa wa Bweremana, muuza samaki, na bwana yake wa mutumbwi. Unisalimie muhunzi jirani, ambaye nilimuachia ulinzi wa paa letu. Kama alilifunika wakati wa mvua, Mungu amuone. Baba mukwe, muwindaji, ninamuinamia. Mama mukwe vilevile. Papa Yohani, wewe uliandika zile nne bila kuchoka na bila kupata jibu: aksanti haitoshi, nitakuletea zawadi yangu kwa mukono.

Veronika, ninamaliza, sababu posta inafunga saa sita na kijiji kiko mbali kwa miguu. Mutoto umushike. Kifua chako ukitunze na ukungu. Hapa baridi imeanza, na mimi ninaanza kufunga muzigo.

Ni mimi Anselmi, bwana yako, kama ungali unakubali niitwe hivyo.